Singeli Haina Ujumbe? Tuongee Kidogo

Nimeulizwa tena wiki hii, safari hii na mtangazaji: "Lakini hizi singeli zenu zina ujumbe gani?" Mimi ni mtengeneza biti za singeli, huu muziki wa kasi wa mitaa ya Dar es Salaam; kuhutubu si kazi yangu, ila swali hili limenichosha.

Mwenye kuliuliza huwa anapimia Bongo Fleva ya kina Sugu na Profesa Jay: mistari imenyooka, wakubwa wanasemwa, kila mtu anaelewa. Sawa. Mistari ile iliwapa jina, na wote wawili wakaingia bungeni, Sugu mwaka 2010, Jay 2015. Sibishi.

Ila singeli imetoka kwenye mchiriku, muziki wa kinanda wa mtaani, na vigodoro, ngoma za kukesha kwenye shughuli, za uswahilini Dar: Manzese, Tandale, Mburahati. Pale MC, yule anayeghani kwenye maiki, hahutubii taifa. Anataja watu: nani katunza, nani katoka ndani juzi, mama mwenye shughuli, masela wa kona ile. Mimi nakata kipande cha kinanda cha taarabu, sekunde mbili tu, nakizungusha na kukipandisha kasi mpaka kinalia, mapigo 200 kwa dakika, mengine yanakaribia 300. Juu yake anatajwa kijana ambaye jina lake halijawahi kuandikwa popote isipokuwa kwenye daftari la polisi, na mtaa mzima unalisikia kwenye spika. Huo si ujumbe?

Eti maneno hayasikiki. Hayasikiki kwako! Wa mtaani anayadaka yote kwa sababu anajua nani anasemwa. Mengine tunayaficha makusudi.

Kichekesho ni mwaka 2017, lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyo wa singeli kutoka studio ya Sisso, Mburahati. Madijei wetu wakaanza kupiga kwenye matamasha ya Ulaya, mbele ya watu wasiojua hata neno moja la Kiswahili, na huko hakuna aliyedai ujumbe.

Ninachotilia shaka mimi ni kingine. Tunasema singeli ni sauti ya vijana, lakini wanaoshika maiki karibu wote ni wavulana, na mistari mingi inamsema msichana vibaya huku yeye ndiye aliyejaza uwanja. Nikifuta tusi ili wimbo upite redioni, sijui nimemlinda dada au nimempunguzia MC ukweli wake. Nimewahi kumwomba MC mmoja amwachie binti ubeti. Akasema biti ni kali mno kwake. Biti nimeipika mimi, naijua: ulimi wa yule binti unaimudu bila kuhema.