Kabla Hujamtoa Mwanao Kwenye Timu

Matokeo ya nusu muhula yakishatoka, wazazi hutujia shuleni na uamuzi walioupitisha nyumbani: mpira basi, skauti basi, tuisheni mpaka jioni. Hofu yao ina msingi, maana mtihani wa kidato cha nne haumsubiri mtu. Lakini mara nyingi kinachokatwa sicho kilichokuwa kinamrudisha mtoto nyuma.

Mwaka 1999 watafiti Jacquelynne Eccles na Bonnie Barber walichapisha matokeo ya kuwafuatilia vijana wa Michigan, Marekani. Waliocheza michezo shuleni waliipenda shule zaidi na alama zao zilikuwa nzuri zaidi; ila wanamichezo haohao walikunywa pombe zaidi. Kwa hiyo usiishie kuuliza kama anacheza. Uliza anacheza na nani, chini ya uangalizi wa nani. Na tusijidanganye kwamba mpira peke yake ndio uliopandisha alama, kwani mara nyingi anayeruhusiwa kucheza ni yule ambaye tayari anafaulu.

Faida ninayoiona waziwazi hapa Dar es Salaam ni ya mdahalo. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza na masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Mwalimu akiuliza swali, anainamisha kichwa. Kwenye klabu huanza na utunza muda, kengele mkononi, akisikiliza. Baadaye hupewa hoja moja ya kutetea. Anaiandika, anaikariri, anasimama. Mpinzani anamuuliza swali ambalo halimo kwenye karatasi yake, na inabidi ajibu hivyohivyo, kwa Kiingereza cha kuungaunga, huku wenzake wakimpigia makofi. Kujenga hoja na kuitetea ndicho anachodaiwa pia kwenye insha ya historia. Tuisheni ya kunakili notisi haimpi hilo.

Vikundi vya mazingira navyo visidharauliwe. Roots & Shoots, mpango wa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, uliosambaa nchi nyingi, ulianza mwaka 1991 hapahapa Dar es Salaam na wanafunzi 12.

Tatizo kubwa ninaloliona ni usingizi. Kijana wa umri huu anahitaji saa 8 hadi 10 kwa usiku. Sasa chukua mwanafunzi wa Mbagala anayesoma Upanga: anaamka saa kumi alfajiri, mazoezi yanaisha saa kumi na mbili jioni, kondakta wa daladala anamkatalia kwa sababu ya nauli ndogo ya mwanafunzi, anafika nyumbani saa mbili na nusu usiku. Huyu atasinzia kipindi cha hesabu hata ukimwongezea tuisheni, tena tuisheni hiyo itazidi kumla usingizi.

Nenda ukaonane na mwalimu mlezi. Omba mazoezi yaishe mapema, au yawe siku mbili badala ya tano. Mwache mtoto achague shughuli moja anayoipenda kweli, na mock, yaani mtihani wa majaribio, ikikaribia mpunguzie saa za mazoezi bila kumtoa kabisa.