Kelele kwenye laini sio spidi kushuka

Nimeshasikia mara nyingi mno mtu anasema "laini ina kelele ndo maana spidi imeshuka", na naomba leo tuliweke sawa maana hayo ni mambo mawili.

Kelele ni kitu chochote kisichotakiwa kinachojichanganya na ishara na kinachoweza kumfanya mpokeaji asome 0 mahali palipotumwa 1 (hiyo 0 au 1 moja ndo inaitwa biti). Basi, hiyo ndo maana.

Neno lenyewe ndo linawapoteza watu, kwa sababu lilianzia masikioni kweli. Kwenye simu na redio za zamani ilikuwa ile "shhh" inayosikika nyuma ya sauti, halafu 1928 mwanafizikia John Johnson akaipima na Harry Nyquist akaieleza kwa hesabu kwamba elektroni zinatikisika kwa joto tu, yani hata waya mzima kabisa una kelele zake. Mwaka 1948 mwanahisabati Claude Shannon akaliingiza neno hilohilo kwenye hesabu za chaneli yoyote ile, yani njia yoyote ya kupitisha ujumbe, hata isiyosikilizwa na sikio la mtu. Kwahiyo usitafute mlio, tafuta biti iliyogeuka.

Sasa spidi. Laini ya megabiti 10 kwa sekunde ikiwa na kelele bado inarusha megabiti 10 (kuna modemu zinazojipunguza zenyewe zikiona kelele, ila huo ni uamuzi wa modemu). Kinachoshuka ni ufanisi, yani kati ya hizo biti ni ngapi data mpya na ngapi marudio ya data iliyoharibika. Chukua paketi (kifurushi cha data kinachotumwa kwa pamoja) ya biti 8,000, ikiharibika biti moja tu katika kila 100,000 unaona ni kidogo, lakini biti moja mbovu inatosha paketi nzima kutupwa na kutumwa upya, kwahiyo karibu paketi 8 katika 100 zinapotea, na ikifika moja katika 10,000 zinapotea zaidi ya nusu!

Hapo protokali, yani kanuni za kutuma na kupokea data, ndo inaamua hasara iwe kubwa kiasi gani. Kwenye ile hali ya kwanza, protokali inayorudia paketi iliyoharibika peke yake inabaki na ufanisi wa asilimia 92 hivi, ila ile inayorudisha dirisha zima la paketi 10 (paketi zinazotumwa mfululizo bila kusubiri jibu) inaangukia kwenye asilimia 55 hivi, na kelele ni zilezile, waya ni uleule.

Kwahiyo ndugu yangu, faili likisuasua kwenye laini ya namna hiyo sema tu "marudio yamezidi", halafu uliza protokali inarudia vipi.