Cheti cha Daktari Hakikupi Ufunguo

Wiki haipiti hapa Tanga bila mtu kuingia ofisini na hati ya nyumba ya Ngamiani au Chumbageni: "Wakili, mama ana cheti cha hospitali kwamba akili haiko sawa, sasa sisi ndio tunaoamua." Jamani, hapana! Cheti kinaeleza ugonjwa. Hakimpi mtoto wa kwanza mamlaka ya mama yake.

Kuhusu mali nitasema kwa kifupi. Sheria ya Mikataba, Sura 345, inakubali kwamba hata mtu ambaye kwa kawaida hana akili timamu anaweza kuingia mkataba akili inapotulia. Isipotulia, iombeni mahakama iteue msimamizi wa mali. Kumshika bibi kidole gumba mkakichovya kwenye wino ni kosa, basi.

Kinachoniudhi zaidi ni mlango. "Hatujamfunga, yuko chumbani tu." Chumba chenyewe cha uani, kufuli kwa nje, ufunguo umefungwa kwenye pindo la khanga ya binti. Shuka safi, chakula anapata. Nikiuliza akitaka kutoka barazani inakuwaje, najibiwa kwamba hajawahi kulalamika.

Kutolalamika si hoja. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya Cheshire West, iliamua juu ya watu watatu wenye ulemavu wa akili, wote wakitunzwa vizuri, mmoja kwa mama mlezi aliyempenda sana. Majaji walio wengi waliuliza: je, anasimamiwa na kudhibitiwa muda wote, na hana ruhusa ya kuondoka? Kama ndivyo, amenyimwa uhuru, hata akiwa ameridhika, hata walezi wakiwa na nia njema. Hawakusema walezi ni waovu. Walisema hali hiyo inahitaji idhini ya kisheria na mtu wa nje wa kuikagua kila baada ya muda. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, lakini Ibara ya 15 ya Katiba yetu nayo inadai utaratibu wa sheria kabla ya mtu kufungiwa, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu tulioridhia 2009 unakataa ulemavu uwe sababu ya kumnyima mtu uhuru.

Sasa, binti yule mwenye ufunguo huchoma vitumbua tangu alfajiri, na mama ameshaokotwa usiku barabara ya Pangani. Nimwambie nini? Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba ule inataka tuache kabisa kuwaamulia watu. Kwenye nyumba na mashamba nakubaliana nayo moja kwa moja. Kwenye barabara ile, usiku, nasita, na sijaona kifungu kinachoniondolea wasiwasi huo.

Ninachomwambia ni hiki: mwite ofisa ustawi wa jamii aone chumba, andikeni saa za kufunga na nani anashika ufunguo, na mtu akiwepo nyumbani kufuli litoke. Kisha mrudisheni mama hospitali. Maambukizi ya mkojo peke yake yanaweza kumvuruga mzee siku kadhaa, akitibiwa akarudi kuwajua wajukuu kwa majina. Mkiendelea kumfungia kwa cheti cha mwezi ule, mnamfungia mtu ambaye hamjamuuliza.