Acheni kubishania bei ya kuvuta gari, angalieni saa ya yadi

Kila rasimu ya sheria ndogo za uvutaji magari inapopelekwa kwa wananchi, hoja ya kwanza huwa ni ile ile: bei ya kuvuta ni kubwa mno, halmashauri iishushe, mambo yaishe. Diwani anaisema, mwenye gari anaisema, mwandishi wa habari anaipandisha kwenye kichwa cha habari. Juzi nimeisikia tena, na safari hii kutoka kwa mtu wa bima, ambaye ankara za yadi, yaani viwanja yanakowekwa magari yaliyovutwa, zinapita mezani kwake kila siku. Basi nimeona bora niandike, kwa sababu nikiendelea kujibu kwa mdomo nitagombana na watu.

Bei ya kuvuta ndiyo kazi nyepesi kuliko zote katika sheria hizi. Unaangalia uzito wa gari, unaangalia limekaaje: limesimama barabarani kwa magurudumu yake, limetumbukia mtaroni, au limelala ubavu na mzigo wake. Unachora jedwali. Kule Uingereza, kwa magari yanayoondolewa kwa amri ya polisi, wamekuwa na jedwali la namna hiyo tangu 2008: uzito upande mmoja, hali ya gari upande wa pili, ada kwenye makutano. Ikishapitishwa, dereva wa brekidauni anaijua, askari anaijua, na ukitaka unaiandika ubavuni mwa brekidauni yenyewe ili kila mtu aisome. Ni malipo ya mara moja. Yakilipwa yamelipwa.

Hifadhi, yaani ada ya gari kukaa yadi, ni jambo jingine kabisa. Inahesabika ukiwa umelala, na anayeihesabu ndiye huyo huyo anayeshika funguo za geti. Ukibana bei ya kuvuta bila kugusa hifadhi, hujampunguzia mwenye gari hata senti. Umehamisha pesa kutoka mstari wa kuvuta kwenye ankara kwenda mstari wa hifadhi. Wenye yadi si wajinga. Wengi wao wanazisoma kanuni zetu kwa makini kuliko madiwani waliozipitisha.

Tuchukue ankara moja ya kawaida tuisome pamoja. Gari limevutwa Ijumaa na limeingia yadi saa tano na dakika arobaini usiku. Jumamosi saa tatu asubuhi mwenyewe yuko getini, kadi ya gari anayo, kitambulisho anacho, pesa anazo. Mlinzi anamwambia ofisi ya malipo haifunguliwi mwisho wa wiki. Anarudi Jumatatu saa mbili asubuhi na kukuta ameandikiwa hifadhi ya siku 4: Ijumaa ya kwanza, Jumamosi ya pili, Jumapili ya tatu, Jumatatu ya nne. Gari limekaa pale kwa muda wa saa 56 na dakika 20. Ukihesabu kwa vipindi vya saa 24 tangu lilipoingia, ni siku 3. Ukihesabu kwa haki ni siku 1, maana mtu alikuja na pesa zake kabla hata nusu ya kipindi cha kwanza haijaisha. Zile dakika 20 za Ijumaa usiku zimeuzwa kwa bei ya siku nzima.

Na hakuna aliyevunja sheria! Sheria ndogo ilisema ada ya hifadhi itatozwa "kwa siku", ikanyamaza. Haikusema siku inaanza lini, inaisha lini, na inakuwaje yadi ikiwa imefungwa. Hapo bei ya kuvuta ingekuwa nusu, au hata bure, ankara ile bado ingeuma.

Ndiyo maana nikipewa rasimu huwa sianzii kwenye jedwali la ada. Naanza na sehemu ya tafsiri ya maneno, zile kurasa ambazo hakuna anayezisoma. Natafuta vitu viwili. Kwanza, hifadhi ihesabiwe kwa vipindi vya saa 24 kuanzia muda ulioandikwa kwenye daftari la kuingilia, si kwa tarehe za kalenda. Pili, saa isimame mwenye gari anapojitokeza na nyaraka zake na kushindwa kutolewa gari kwa sababu ambayo si yake. Hilo la pili ndilo linalozua kelele. Wenye yadi watakwambia mlinzi analipwa usiku kucha, taa zinawaka, pango la uwanja halisimami Jumapili. Ni kweli tupu. Gharama hizo zipo, na ada ya hifadhi ipangwe ikizijua. Lakini huwezi kumtoza mtu gharama ya kumlindia gari ambalo alikuja kulichukua ukamfungia geti.

Angalia pia ujanja wa saa za kazi. Yadi inapokea magari usiku na mchana, siku zote, lakini inaachia magari kwa saa za ofisi tu. Rasimu nyingi zinadai yadi "iwe wazi saa 24" na kila mtu anaridhika, kumbe iko wazi kwa kuingiza. Andikeni saa za kuachia magari, tena mziandike peke yake. Mkiandika hivyo, mwezi unaofuata itazaliwa ada ya kuachia gari nje ya saa za kazi, kisha ada ya geti, kisha ada ya kuandaa nyaraka. Kwa hiyo ongezeni kifungu kinachosema ada isiyotajwa kwenye jedwali haitozwi. Ni sentensi moja tu, na sijui kwa nini huwa inasahaulika.

Kwa yadi ndogo, lakini, sina raha na ushauri wangu mwenyewe. Ukiilazimisha yadi ya mtu na mdogo wake kuwa na karani wa usiku, unaweza kuiua. Zikifa ndogo tatu, inabaki kubwa moja, na hiyo moja itaiambia halmashauri inachotaka. Nimependelea njia ya kati: yadi ndogo iweke namba ya simu getini na mtu afike ndani ya muda uliopangwa, asipofika saa isimame. Inafanya kazi kwa kiasi fulani. Mlinzi akiamua kutopokea simu, unabaki na neno la mwenye gari dhidi ya neno la mlinzi.

Wanaodhani kuvuta na kuhifadhi ni huduma moja wasome hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 2013, katika shauri lililotoka New Hampshire. Gari la mpangaji lilivutwa kwenye maegesho ya nyumba aliyopanga wakati wa dhoruba ya theluji, kwa agizo la wenye nyumba. Mwenyewe alikuwa kitandani mgonjwa sana, hana habari. Baadaye akalazwa, akakatwa mguu, akapata na mshtuko wa moyo. Alipotoka hospitali wakili wake akagundua gari liko wapi na akaieleza kampuni iliyolivuta kwamba mteja wake analitaka. Kampuni hata hivyo ikalitoa kwa mtu mwingine, na yeye hakupata kitu. Aliposhtaki, kampuni ikajikinga na sheria ya shirikisho inayozuia majimbo kuingilia bei, njia na huduma za wasafirishaji wa mizigo kwa barabara. Majaji wote kwa kauli moja wakaikatalia: kugombania gari lililokwisha kufika yadi na kuuzwa si kugombania usafirishaji.

Mimi si mwanasheria wa huko na siwaambii mnakili sheria zao. Ninachosema ni kwamba brekidauni ikishashusha gari, kazi ya usafirishaji imekwisha. Kuanzia hapo mwenye yadi ni mtunza mali ya mtu, na mtunza mali hupimwa kwa vipimo vingine: uzio, taa, daftari, bima, na taarifa kwa mwenye mali.

Hii ya taarifa inaniudhi karibu sawa na ile ya saa. Barua inapelekwa kwa mmiliki aliyesajiliwa. Vizuri, lakini magari mangapi yameuziwa mtu na kadi haijabadilishwa jina? Barua inamfikia aliyeuza, anaitupa, na aliyenunua anazunguka vituo vya polisi akidhani ameibiwa. Wakati huo hifadhi inapanda. Rasimu nzuri husema baada ya kipindi cha kwanza hifadhi haihesabiwi hadi taarifa itumwe, na gari lililovutwa liingizwe siku hiyo hiyo kwenye orodha ambayo polisi wanaiona. Kifungu hiki humfanya mwenye yadi awe na haraka, na ndicho tunachokitaka, kwa sababu kwa kawaida yeye ndiye mtu pekee asiye na haraka.

Si yeye peke yake, nikimkumbuka yule rafiki wa bima. Gari la ajali likifika yadi, mwenyewe anasubiri bima, bima inasubiri mkaguzi, mkaguzi anasubiri ripoti ya polisi, fundi anasubiri wote. Mwisho wa mwezi bima inapokea ankara, inashtuka, na inalalamika kwamba uvutaji ni ghali. Ndugu yangu, mstari wa kuvuta hapo ni wa kwanza na ni mfupi. Ile mirefu inayofuata mmeiandika nyinyi kwa kukaa kimya.

Mengine nayapitia haraka. Orodha ya zamu kwa ajali, yaani kampuni ipi ya kuvuta iitwe kwa zamu: ndiyo, iwepo, na iendeshwe na mtu asiye na hisa katika kampuni yoyote, la sivyo madereva watakimbizana kwenda ajalini. Ontario, Kanada, ushindani huo ulifika mahali watu wakachomeana brekidauni moto. Jimbo likatunga sheria mwaka 2021 na kuutoa usimamizi wa kampuni mikononi mwa miji, vyeti vya jimbo vikaanza kudaiwa Januari 2024. Vitu vya ndani ya gari, kama dawa, nyaraka na kiti cha mtoto, vitolewe bure hata kama gari halijalipiwa. Kuhusu viwanja binafsi, wanaotaka marufuku hupenda kutaja England na Wales, ambako tangu Oktoba 2012 ni kosa kulibana gurudumu kwa chuma au kulivuta gari la mtu kwenye kiwanja binafsi bila mamlaka ya kisheria. Wanasahau kusema kwamba sheria ile ile iliwapa wenye viwanja njia ya kumdai mwenye jina kwenye usajili wa gari. Ukimnyang'anya mwenye kiwanja brekidauni bila kumpa kingine, atafunga geti kwa magogo.

Halmashauri nazo zijitazame. Ikiwa mkataba wenu na yadi unawapa asilimia ya hifadhi, nyinyi ni wabia wa ucheleweshaji. Chukueni ada ya leseni, chukueni hata kiasi kisichobadilika kwa kila gari, lakini msichukue chochote kinachokua kadiri gari linavyokaa. Nimewahi kuisema hii kwenye kikao na mhazini akaangalia dirishani.

Limebaki la rufaa ya mwenye gari anayepinga kuvutwa. Watu hupenda kunitajia hukumu nyingine ya Marekani, ya 2003, ya jiji la Los Angeles. Mwenye gari alilipa dola 134.50 akachukua gari lake, akaomba asikilizwe, akasikilizwa siku 27 baada ya gari kuvutwa. Mahakama ikaona kuchelewa huko hakukuvunja haki yake. Basi rasimu zinaandikwa zikimpa anayesikiliza rufaa mwezi mzima. Lakini yule bwana alikwisha kuondoka na gari! Alichokuwa anasubiri ni pesa zake. Kwa asiye na uwezo wa kulitoa kwanza, siku 27 za kusubiri ni siku 27 za hifadhi, na kwa gari kuukuu deni litaipita thamani yake kabla hajaitwa. Anashinda rufaa, gari limeshaliwa na deni. Kwa mtu wa namna hiyo, ama asikilizwe ndani ya saa chache, ama saa ya hifadhi isimame siku anapowasilisha ombi.

Na akishinda, nani analipa yadi? Hapa sisi tunaozipitia rasimu hizi tunabishana sana wenyewe kwa wenyewe. Wapo wanaosema yadi ibebe hasara. Mimi nawapinga: yadi ilipokea gari kwa agizo lililoonekana halali na ikalitunza. Alipe aliyeagiza, iwe halmashauri, polisi au mwenye kiwanja, kuvuta na hifadhi yote, kutoka kwenye fungu lake. Wenzangu wanahofia kwamba askari ataogopa kuondoa hata gari lililoziba njia ya zimamoto. Hofu hiyo naielewa, na sina jibu lake kamili zaidi ya kuliweka gari la hatari kwenye kifungu chake tofauti, lenye fungu lake la dharura. Rasimu ya sasa ina kifungu hicho. Mhazini bado hajaisaini.