Usiniulize kabila lake, niulize anasomesha nani

Nimeulizwa tena, na bosi msomi kabisa, eti yule Mchaga si tumpe hela ashike na huyu Mgogo kwa upole wake abaki masijala? Jamani. Mi nafanya rasilimali watu hapa Dodoma na hii kitu imenichosha. Wengine wakitaka ionekane sayansi wanakutajia Hofstede, yule mtafiti aliyezipa nchi alama kwa tamaduni zao, bila kusema zile dodoso walijaza wafanyakazi wa IBM, na Tanzania wala haikuhesabiwa peke yake, tulipigwa fungu moja na Kenya, Ethiopia na Zambia tukaitwa Afrika Mashariki.

Ninachokiona mimi kikimfuata mtu kazini sio kabila, ni nafasi yake kwao: kazaliwa wa ngapi na anabeba nini. Kaa kikao chochote pale Mtumba, kwenye ofisi za serikali, mwenyekiti akiuliza nani ataandika muhtasari macho yote yanaenda kwa dada mmoja, naye kalamu keshaitoa. Ndo huyohuyo mwenye daftari la michango ya misiba, ndo anajua nani kalazwa, ndo anatafuta gari la kwenda kuzika Kondoa. Ukimdadisi kidogo utakuta kwao ni wa kwanza, mama akisafiri nyumba ilikuwa yake. Hiyo kazi sijawahi kuiona kwenye malengo yake ya PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, halafu mwisho wa mwaka anaambiwa hana ubunifu!

Na kaka asiyepinga bosi kikaoni mnamwandikia "hajiamini". Anajiamini sana tu, ila ana wadogo wawili shule na Januari ikifika ada haijui kujiamini, kwahiyo anapima maneno.

Sasa mnibane: utafiti mkubwa wa 2015 wa Marekani, Uingereza na Ujerumani, watu zaidi ya 20,000, ulikuta kuzaliwa wa kwanza au wa mwisho karibu hakubadili tabia ya mtu. Huwa unaninyima raha. Najitetea kwamba mi naongelea majukumu, sio tabia, na huku wa kwanza anabeba ada za wenzake, ila inawezekana pia watu wananisimulia utoto wao ukiwa umeshonwa ufanane na kazi waliyonayo leo.

Kabila nalo naliona likifanya kazi, lakini kwenye utani. Karani anamwambia mkurugenzi ambaye ni mtani wake "ripoti umeikalia wewe, usitusingizie sisi", ukumbi unacheka, na ripoti inatoka. Mwingine akisema hivyo kesho ana barua ya kujieleza. Huyo karani ndo mnataka kumhamisha kwa sababu ana mdomo.