"Daktari, nikatie tu hiki kinyama"

Ombi hilo nalisikia hapa Mbeya karibu kila wiki, mara nyingi kutoka kwa msichana aliyetoboa masikio. Nikimwambia sikati leo, hununa. Wapo wanaotoka wakatafute wa kuwakatia kwingine, halafu wanarudi baada ya miezi kadhaa na kitu kikubwa kuliko cha kwanza.

Kinyama hicho ni keloidi. Kovu la kawaida, hata likivimba, hubaki ndani ya mipaka ya jeraha na huweza kunywea lenyewe taratibu. Keloidi huvuka mpaka: tundu la hereni huota kitu kama punje ya njegere, kisha kama parachichi changa, na huwasha mpaka usiku. Sisi wenye ngozi nyeusi tunaipata zaidi, na hufuata ukoo. Nikiuliza, hukosi kusikia habari ya mama au shangazi aliyekuwa nayo. Ukiikata bila tiba nyingine umeipa jeraha jipya la kuotea. Kwa tafiti nyingi, kati ya asilimia 45 na 100 hurudi.

Mimi huanza na sindano ya triamsinoloni, dawa ya jamii ya steroidi inayopunguza uvimbe, inayochomwa ndani ya keloidi yenyewe kila baada ya wiki 4 hadi 6. Inauma, sikufichi, maana nyama ile ni ngumu na dawa huingia kwa kusukumwa. Aghalabu muwasho hutulia kwanza, kisha uvimbe hulainika na kushuka. Ngozi ya pembeni yaweza kupauka au kukonda. Keloidi ndogo hugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika, ingawa kwetu huacha baka jeupe. Ile kubwa ya sikio naikubalia kisu, kwa sharti la sindano baadaye na hereni ya kubana. Iliyo sugu hupigwa mionzi ndani ya siku moja au mbili baada ya kukatwa, kwenye hospitali zenye mashine hizo, kama Ocean Road ya Dar es Salaam.

Makovu ya moto ni habari nyingine. Juni na Julai jiko la mkaa huingizwa ndani kwa sababu ya baridi, na mtoto hajui kukaa mbali nalo. Kovu likianza kuvuta shingo, kwapa au vidole, usingoje. Hapo hatuzungumzii urembo tena: mkono utashindwa kunyooka. Daktari wa upasuaji hulilegeza kwa mkato wa umbo la Z au kwa kupandikiza ngozi, halafu mazoezi ya kiungo hufuata. Wazazi wakiyaacha, kovu huvuta tena.

Kwa mshono wa kawaida, karatasi ya silikoni ikivaliwa saa 12 au zaidi kwa siku, kwa miezi miwili au mitatu, husaidia. Jua nalo huliweka kovu jeusi, na mji huu uko juu, kama mita 1,700. Ubaridi wa hewa hautukingi na miale yake. Vaa kofia. Mkorogo uache dukani, mara nyingi huwa na zebaki na steroidi zisizojulikana kipimo.

Ukija kliniki, leta picha ya kovu lako ya miezi michache iliyopita. Kovu huchukua mwaka hadi mwaka na nusu kukomaa, na picha hiyo ndiyo itakayonionyesha kama bado linakua.