Ruzuku ikija, msikimbilie simiti

Kila pesa za ukarabati zikitajwa Lamu, orodha ya manunuzi huanza na mifuko ya simiti. Jamani! Nyumba ya mawe ya Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, si ya bloku. Jiwe la matumbawe lina vitundu, limeshikanishwa kwa chokaa, hunywa maji ya ardhini na kuyatoa hewani. Ukiliziba kwa plasta ya simiti, maji hayaachi kupanda. Hukosa pa kutokea tu. Yatatokea juu ya plasta yako pamoja na chumvi, na rangi itamenyeka mahali palipokuwa pakavu. Kisha mtu aniambie simiti ilikuwa kidogo, tuzidishe!

Kinachoniudhi zaidi ni boriti. Ncha zake zimezama ukutani. Ukuta ukibaki majimaji, ncha huoza kimyakimya na katikati pakaonekana pazima. Choma kwa bisibisi pale boriti inapoingia ukutani: ikizama kama kwenye muhogo uliochemka, sahau plasta, anza na boriti.

Kwanza tafuta maji yanakotoka: paipu, karo, mfereji wa darini uliopasuka. Bandua simiti kwa tindo na nyundo ndogo. Mashine hung'oa na uso wa jiwe. Acha ukuta ukauke miezi, si siku. Changanya chokaa iliyolowekwa vizuri sehemu moja kwa mchanga safi sehemu tatu, na si mchanga wa ufuoni, una chumvi. Siku ya kupaka, lowesha uso wa ukuta tu, tandaza tabaka la kama milimita 10, ya pili ingoje ya kwanza ishike. Funika kwa magunia mabichi, hasa kaskazi ikivuma, maana chokaa ikikauka mbio hupasuka na kugeuka unga.

Bafuni nakiri nayumba. Chokaa tupu huchoka upesi huko, na mafundi wazuri hutia simiti kidogo. Kidogo kiasi gani? Bado twabishana.

Mji wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, kwa hiyo pitia ofisi ya Makumbusho ya Taifa kabla ya kugusa mlango, dirisha au ukuta wa nje.

Na kwenye bajeti andika muda wa kukauka. Mwaka wa fedha hufungwa Juni 30, masika yakiwa yamepita juzi tu na kuta zimeshiba maji, na hapo ndipo kila mtu hutaka plasta ipakwe ili hesabu zifungwe.